Utalii wa Pamoja Afrika Mashariki: Nyanda za Juu Kigoma Zitavuna Nini?

Kila mara nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapokutana kuzungumzia utalii, maneno yanayosikika ni yale yale: soko moja, viza moja, kanda moja ya utalii. Maneno hayo ni mazuri mezani. Lakini kwa mfanyabiashara wa Nyabibuye, Kibondo au Kasulu, swali ni jepesi zaidi: mgeni akivuka mpaka, nani atalipwa? Je, ni mwenye gesti, dereva, mwongoza watalii na mama lishe, au ni Hazina peke yake?

Somo la wiki hii linaeleza maana ya sera ya pamoja ya utalii, mahali ilipokwama, na kwa nini hesabu yake kwa mtu wa nyanda za juu za Kigoma si sawa na hesabu ya mtu wa Arusha. Mwenye mtaji mdogo anayefikiria kujenga vyumba vinne vya kulala wageni kando ya barabara ya lami, au kununua gari la kubeba abiria wa mpakani, anahitaji kuifahamu hesabu hiyo kabla hajakopa.

Msingi wa sheria

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ibara ya 115 ya mkataba huo inahusu utalii. Kwa ufupi inazitaka nchi wanachama zifanye mambo matatu: zitangaze utalii kwa pamoja na kuoanisha sera zake, zilinganishe viwango vya wanaofanya kazi ya utalii na usafiri, na ziwe na mkakati mmoja wa kanda ili juhudi za kila nchi ziimarishwe na juhudi za wote. Jambo ambalo wengi hulipita haraka katika ibara hiyo ni sharti la kwamba faida igawanywe kwa haki.

Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na utalii na huduma za usafiri wa watalii ni miongoni mwa sekta ambazo nchi wanachama ziliahidi kuzifungulia milango. Viwango vya pamoja vya kupanga hoteli kwa nyota vimekwisha kuwekwa. Maonyesho ya kwanza ya utalii ya kanda yalifanyika Arusha Oktoba 2021, na ya pili Bujumbura mwaka 2022.

Kwa hiyo karatasi zipo. Kinachokwamisha ni mgawanyo wa fedha, na ugomvi huo ni wa siku nyingi.

Chanzo cha kutoaminiana

Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, Afrika Mashariki iliuzwa ng'ambo kama eneo moja. Mtalii alishuka Nairobi, akachukua gari Nairobi, akaenda Serengeti na Ngorongoro, kisha akarudi kulala Nairobi. Wanyama walikuwa Tanzania, lakini sehemu kubwa ya malipo ilibaki kwa wenye magari, hoteli na ofisi za Nairobi. Tanzania ilijenga Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, ili wageni washukie karibu na mbuga zake.

Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mwaka 1985 nchi hizo mbili zilikubaliana kuhusu magari ya watalii: ya Kenya yaishie katika miji ya mpakani upande wa Tanzania bila kuingia mbugani, na ya Tanzania yashushe wageni katika miji ya Kenya bila kuingia katika mbuga za Kenya.

Makubaliano hayo yaliibua ugomvi mkubwa Desemba 2014, pale Kenya ilipozuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ilijibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki. Marais Jakaya Kikwete na Uhuru Kenyatta walilimaliza suala hilo mwezi huo huo walipokutana Windhoek, Namibia.

Mfanyabiashara ajifunze jambo moja hapa. Ugomvi ulihusu nani ambebe mtalii kutoka uwanja wa ndege hadi mlango wa mbuga. Kila sera ya pamoja ikichambuliwa hadi chini, inaishia kwenye viungo vitano vya malipo: viza, gari, kitanda, mwongozaji na mlango wa hifadhi. Nchi ikiona kwamba itapoteza kiungo kimojawapo bila kufidiwa, hukataa yote.

Hesabu ya viza moja

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutoa viza moja ya utalii. Ada ni dola 100 za Marekani, muda ni siku 90, na mgeni anaruhusiwa kuingia na kutoka ndani ya nchi hizo tatu mara nyingi apendavyo. Kila nchi hupata dola 30, na dola 10 zinazobaki huenda kwa nchi iliyotoa viza. Tanzania na Burundi hazikujiunga.

Wengi wameilaumu Tanzania kwa uamuzi huo, lakini kuna hesabu nyuma yake. Viza ya kawaida ya Tanzania ya kuingia mara moja ni dola 50 kwa raia wa nchi nyingi, na Wamarekani hulipa dola 100. Chukua mtalii wa dola 50. Akija kwa viza ya pamoja, Tanzania inapata dola 30 na kupoteza 20. Wageni 3 wa viza ya kawaida wanaleta dola 150, na ili kupata dola 150 hizo hizo kwa viza ya pamoja wanahitajika wageni 5. Kwa maneno mengine, pale walipokuja watatu lazima sasa waje watano, ndipo Hazina isipungukiwe na ada ya viza.

Kwa nchi iliyopokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024, kutoka milioni 1.8 mwaka 2023, pengo hilo si dogo. Watalii wa Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar wanakuja hata bila viza ya pamoja. Mwenye bidhaa inayouzika haoni sababu ya kushusha bei.

Hata hivyo hesabu hiyo ina upande wa pili. Dola 20 zinazopotea ni za Hazina, lakini fedha ambazo mgeni wa nyongeza anaziacha gesti, hotelini, kwenye gari na sokoni ni za wananchi. Na Hazina yenyewe inaweza kurudishiwa kwa njia nyingine. Kodi ya ongezeko la thamani ikiwa asilimia 18, matumizi ya nyongeza ya dola 111 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa yanaleta kodi ya dola 20. Kwa hiyo mgeni ambaye kwa sababu ya viza ya pamoja ameongeza siku moja au mbili nchini na kutumia dola 111 ambazo asingezitumia, amekwisha kulilipa pengo lake.

Swali la kuuliza basi ni hili: ni wapi nchini ambako viza ya pamoja italeta siku za nyongeza, na ni wapi itapunguza ada tu? Arusha jibu lina ubishi. Kigoma halina ubishi mwingi.

Kigoma haiko njiani kwenda Arusha

Kigoma iko mwisho wa reli ya kati, zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mtalii anayemaliza Serengeti hapiti Kibondo kwa bahati. Lakini ukiitazama ramani kutoka upande wa magharibi, mambo yanageuka. Burundi iko ng'ambo ya mpaka, Rwanda iko nyuma yake, na Kongo iko upande wa pili wa ziwa. Vivutio vya eneo hili vinafuatana na ziwa na milima, wala havifuati mipaka ya nchi.

Mfano mzuri ni wa Ujiji. Watalii wanaofika Kigoma huonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Simulizi haikuishia hapo. Mwezi huo huo wa Novemba wawili hao walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Kusini ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe lililoandikwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Ni safari moja ya kihistoria, lakini nusu inauzwa Tanzania na nusu inauzwa Burundi, na mtalii anayetaka kuiona yote atafute viza mbili na magari mawili.

Bidhaa nyingine zinafuata mkondo huo. Tanzania ina Hifadhi ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968 na kujulikana dunia nzima kwa utafiti wa sokwe ulioanzwa na Jane Goodall mwaka 1960. Ina Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985. Ina bonde la Malagarasi na Muyovozi, lililoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar, likiwa eneo la kwanza la Tanzania katika orodha hiyo; humo anaishi korongo nyangumi, ndege ambaye wapenda ndege wa Ulaya na Marekani husafiri mbali sana kumwona. Ina meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Burundi nayo ina hifadhi ya Ruvubu, maporomoko ya Karera, chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile huko Rutovu, na ngoma za kifalme zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014.

Viza ya nchi tatu ya mwaka 2014 haikuvisaidia vivutio hivi. Zaidi ya hapo, imekuwa kama ukuta. Mtalii aliyenayo akitoka nje ya Kenya, Uganda na Rwanda, viza hiyo inakoma. Aliyeko Kigali akitaka kushuka Bujumbura hadi Kigoma kisha arudi Kigali, anajikuta analipa upya. Wakala wa safari akiona hivyo, anamshauri mteja abaki kaskazini.

Mwenye kudhani jambo hili haliwezekani atazame kusini mwa Afrika. Novemba 2014 Zambia na Zimbabwe zilianza viza ya pamoja ya dola 50 kwa siku 30, zikilenga zaidi maporomoko ya Victoria yaliyo mpakani. Inamruhusu pia mgeni kwenda Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula. Nchi mbili zenye kivutio kimoja hazikusubiri jumuiya nzima ikubaliane.

Bei ya jirani

Sera ya pamoja isipokuwapo, jirani hushindana kwa bei. Mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona gorila hadi dola 1,500. Uganda iliacha chake kwenye dola 600, ikapandisha hadi 700 mwaka 2020 na 800 mwaka 2024. Watalii wengine wakawa wanashukia Kigali, ambako uwanja wa ndege uko karibu, kisha wanavuka mpaka kwenda kuwaona gorila wa Uganda kwa bei ya chini. Kila nchi ikapata kitu: moja ikauza vibali, nyingine ikauza kitanda, gari na tiketi ya ndege. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, mzunguko huo ukakatika, na waliopoteza haraka ni wenye magari na nyumba za wageni za mpakani.

Kigoma inafundishwa jambo hapo. Si lazima kivutio na kitanda viwe katika nchi moja. Mtu wa Kasulu anaweza kumlaza mgeni anayekwenda Burundi, na mtu wa Burundi anaweza kumlaza mgeni anayekwenda Gombe, ili mradi mpaka ni mwepesi na haubadiliki ghafla.

Mtalii wa Nyabibuye ni nani?

Nyabibuye ni kata ya wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo. Iko karibu na mpaka wa Burundi. Huko Kiha na Kirundi vinaelewana, ndugu wanaoana ng'ambo zote mbili, na siku ya gulio watu huvuka na ndizi, maharage, mihogo na nguo. Ukimwambia mfanyabiashara wa hapo habari za watalii, atafikiria Mzungu mwenye kamera, na atasema hao hawafiki.

Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Katika takwimu za kimataifa, mtalii ni mtu yeyote anayesafiri nje ya mazingira yake ya kawaida, akalala ugenini angalau usiku mmoja na akakaa chini ya mwaka mmoja, bila kuajiriwa huko. Mrundi aliyekuja kununua mali akalala, aliyeleta mgonjwa hospitali, aliyefika harusini au kwenye mkutano wa dini, wote wanahesabika. Kwa miaka kadhaa Burundi imekuwa miongoni mwa nchi zinazoleta wageni wengi kuingia Tanzania, sambamba na Kenya.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, gesti ya kawaida ni shilingi 15,000 kwa usiku, chakula cha siku ni 9,000 na nauli za bodaboda ni 6,000. Jumla ni 30,000. Wageni 10 wa ng'ambo wakilala usiku mmoja kila wiki ya gulio, kijiji kinapata 300,000 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni shilingi milioni 15. Hakuna brosha iliyochapishwa wala maonyesho ya Berlin yaliyohudhuriwa, na fedha hiyo haipiti ofisi ya Arusha.

Kwa mgeni wa aina hii, viza ya dola 100 haina maana, kwani raia wa Jumuiya haitaji viza. Kinachomhusu ni mambo madogo: hati ya muda ya kusafiria inapatikana wapi, kituo cha mpakani kinafungwa saa ngapi, gari lake linakubaliwa kwa bima ipi, na atabadilisha faranga zake wapi bila kuibiwa. Sera ya pamoja inayosahau mambo hayo ni sera ya mahoteli makubwa.

Barabara imetangulia sera

Katika eneo hili saruji na lami zimekwenda mbele ya makubaliano. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi mmoja wa nchi mbili: kilometa 260 za lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania, na kilometa 45 za Rumonge hadi Gitaza kando ya ziwa upande wa Burundi. Kaskazini zaidi, Kabanga wilayani Ngara na Kobero ng'ambo ya pili, kipo kituo cha pamoja ambako msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili.

Ziwani nako majirani wameonyesha kwamba wakiamua wanaweza. Nchi nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilitia saini mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003, na mamlaka yake iko Bujumbura. Kutokana na ushirikiano huo, Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei 2024. Wavuvi na wachuuzi wa dagaa waliumia miezi hiyo. Ni vizuri kukumbuka kwamba sera ya pamoja inaweza kumbana mtu mdogo kabla ya kumnufaisha, na ndiyo sababu sharti la mgawanyo wa haki linapaswa kudaiwa mapema.

Agizo la 2025 na maana yake mpakani

Julai 2025 Tanzania ilitoa agizo linalowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Kati ya hizo kuna kuongoza watalii nchini, maduka ya vitu vya kumbukumbu, huduma za fedha kwa simu, na kununua mazao shambani. Asiye raia akipatikana na hatia anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo hadi miezi sita. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Kenya ililalamika kwamba agizo hilo linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja.

Kwa vijana wa Kibondo na Kasulu, agizo hilo ni kinga. Kazi ya kuongoza wageni upande wa Tanzania imebaki mikononi mwao. Lakini lina gharama. Kwanza, jirani anaweza kujibu kwa kufunga mlango wake, na mwongozaji wa Kigoma asiweze kumvusha mgeni wake hadi Mugere au Gishora. Pili, wakala wa Bujumbura anayetaka kuuza safari ya nchi mbili lazima amkabidhi mteja mpakani kwa mtu asiyemjua, na asipopata mtu wa kuaminika haiuzi safari hiyo.

Njia iliyo wazi kisheria ni ubia wa kupokezana. Kampuni ya Tanzania yenye leseni ya TALA inampokea mgeni mpakani, na kampuni ya Burundi inampokea ng'ambo. Kila mmoja anatoza kwake, na bei ya safari nzima inajulikana tangu mwanzo. Wanaofikiria kuazimisha leseni kwa jirani ili apite mlango wa nyuma wajue kwamba adhabu ya raia imeandikwa waziwazi.

Hatari za kuweka kwenye mizani

Mwenye mtaji mdogo asikubali kuambiwa faida tu. Eneo hili lina hatari nne zinazojulikana.

Ya kwanza ni mipaka kufungwa. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Mzunguko wowote unaomtegemea mgeni wa Kigali kufika Kigoma kwa barabara kupitia Bujumbura unaweza kukatika kwa tangazo moja.

Ya pili ni vita vya mashariki ya Kongo. Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Mtalii wa mbali hatofautishi Goma na Kigoma. Akisikia habari za maziwa makuu anahamishia safari mahali pengine.

Ya tatu ni fedha ya Burundi. Mei 2023 Benki Kuu ya nchi hiyo ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa, na uhaba wa dola na mafuta ya petroli uliofuata uliwabana wasafiri. Anayeweka akiba yake kwa faranga baada ya siku ya gulio anabeba hatari hiyo nyumbani.

Ya nne ni kanuni za fedha za kigeni nchini Tanzania. Tangu mwisho wa Machi 2025 imepigwa marufuku kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mwenye gesti aandike bei kwa shilingi. Kubadilisha fedha ni kazi ya benki na maduka yenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania.

Wapi pa kuanzia

Kutokana na hesabu hizi, mwenye mtaji mdogo wa nyanda za juu anashauriwa kutanguliza mgeni wa karibu na kumfanya mtalii wa mbali kuwa nyongeza. Chumba safi chenye maji, choo cha ndani na maegesho ya gari kando ya barabara ya Kibondo hadi Manyovu kinamfaa Mrundi anayefuata mali, dereva wa lori, mtumishi wa serikali, na siku moja moja mpenda ndege anayekwenda Malagarasi. Chumba cha dola 150 kinamfaa mtu mmoja tu, naye hana hakika ya kuja.

Mwenye asali, mikeka au vinyago atumie utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ambao unaruhusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kuvuka bila ushuru kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Mwenye gari linalovuka ahakikishe ana kadi ya njano ya bima, inayotambuliwa Tanzania na Burundi.

Vyama vya wafanyabiashara vya mkoa navyo vina kazi. Kudai viza ya nchi zote nane ni kusubiri sana. Madai yanayoweza kusikilizwa ni matatu: kibali cha pamoja cha Tanzania na Burundi kwa watalii wa mzunguko wa Ziwa Tanganyika, kwa mfano wa Zambia na Zimbabwe; utaratibu wa kutambuana kwa waongozaji katika vivutio vichache vilivyotajwa kwa majina; na sehemu ya ada hiyo kurudi katika halmashauri za mpakani ili itengeneze vyoo, taa na mabango ya njia. Dai la tatu ndilo lenye uzito kwa Nyabibuye, kwa sababu viza ikiwa moja au zikiwa mbili, fedha isiyotajiwa njia ya kurudi kijijini huishia makao makuu.

Wiki zijazo wafanyabiashara wa ukanda huu watazame mambo haya: saa za kazi za vituo vya Manyovu na Mabamba, bei ya faranga dhidi ya shilingi siku ya gulio, na mazungumzo ya nchi wanachama kuhusu agizo la biashara 15. Mabadiliko katika lolote kati ya hayo yataonekana kwenye vitanda vya Kibondo na Kasulu mapema kuliko azimio lolote la Arusha.